Norwe ya Baba

Juzi mjukuu wangu Kim alikuja kunisalimia hapa Bahati na kile kidude chake cha muziki, kile kinachotoshea kwenye kiganja lakini kikifunguliwa kuku wote wanatoroka uani. Akakiweka mezani, juu ya kitambaa nilichokishona kwa mkono wangu, akabonyeza. Mtu mmoja akaanza kunguruma, na nyuma yake mwingine akipiga ngoma kama anayefukuzwa na nyuki. Nilimwonea huruma yule wa kunguruma. Nikauliza kama ana mtu wa kumpeleka hospitali.

"Shosho, hiyo ni metal," Kim akasema, akanionyesha picha kwenye simu. Wanaume wazima, wamejipaka majivu usoni na masizi kwenye macho. "Hawa wasee ni noma. Na huko kwao si metal tu. Wako na jazz, wako na ngoma za kudansi, ata wako na wasee wa kupiga fidla za kitambo sana."

"Huko kwao ni wapi?"

"Norwe, Shosho. Hawa ni Wanorwe."

Nilicheka hadi nikatafuta kiti. Kim akazima muziki haraka, akaniletea maji, akadhani ni presha. Nilitaka kumweleza lakini kila nikifungua mdomo kicheko kilinirudia, na tena jambo lenyewe ni refu na linaanza na mguu wa mzungu. Ninyi wa rika langu mtanielewa upesi zaidi, kwa hivyo nawasimulia ninyi.

Tulikuwa tunaishi juu kule Dundori, kwenye shamba la mzungu, pahali ambapo baridi ya asubuhi ilikufanya uwaonee ng'ombe wivu kwa ngozi zao. Mama alichuma maua ya pareto, nami nilimfuata na kikapu changu kidogo nikichuma machache na kuyakanyaga mengi. Baba alikuwa mkamuaji. Miaka ile ilikuwa na mambo yake mazito, na mtu wa rika langu hahitaji kukumbushwa. Mimi nilikuwa mtoto, na kilichonishughulisha zaidi ya yote kilikuwa mguu wa mwenye shamba.

Jina lake la kwao lilitushinda kutamka, kwa hivyo wafanyakazi walimwita Bwana Mguu. Hakuwa kilema. Alikuwa na miguu miwili mirefu kama ya korongo, lakini alasiri akishakunywa chai yake aliingia chumba cha mbele, na mara sakafu ya mbao ilianza: du, du, du. Nyumba yake ilikuwa imeinuliwa juu ya nguzo za mawe, na sisi watoto tulijipenyeza chini yake tukakaa na kuku, tukisikiliza. Pamoja na mguu kulikuwa na sauti nyingine, nyembamba, ambayo ilikuwa ikilia na kucheka kwa wakati mmoja, na chini ya sauti hiyo kama kuna nyingine inayomung'unya. Niliamini kwamba sauti zile zinatoka kwenye mguu. Niliamini kabisa. Nilienda nyumbani nikapiga mguu kwenye sakafu yetu ya udongo hadi kisigino kikauma, na hakuna kilicholia isipokuwa Mama, aliyeuliza kama nimekanyaga siafu.

Siri ya mguu ilikuja kunifichukia siku ya sikukuu. Bwana Mguu aliwaalika wazungu wenzake wa kwao, waliotoka mashamba ya mbali hadi ng'ambo ya Naivasha, na sisi wafanyakazi tukaruhusiwa kusimama nje ya ua na kutazama, maana tulikuwa tumechinjiwa fahali. Mgeni mmoja alikuwa na kodiani. Hiyo tuliijua, vijana wetu wenyewe waliipiga wakicheza mwomboko, kwa hivyo hatukushangaa sana. Kisha Bwana Mguu akatoka na kisanduku, akakifungua kama anayemfunua mtoto mchanga, akatoa kitu cha mbao kilichonakshiwa maua kila mahali, chenye nyuzi juu na nyuzi nyingine tena chini ya zile za juu. Akakiweka begani, akakipitishia uta, na ile sauti ya chini ya nyumba ikatoka.

Hata hapo bado nilikuwa nautazama mguu. Lakini baada ya muda alimpa mzee mmoja mwenye ndevu kile kitu, yeye mwenyewe akavua koti. Memsabu, mke wake, akapanda juu ya kiti akiwa ameshika fimbo ndefu, na kwenye ncha ya fimbo akatundika kofia ya mumewe. Mzee akaanza kupiga. Bwana Mguu akazunguka, akachuchumaa, akainuka, akazunguka tena huku anaitazama kofia kwa jicho la paka. Ghafla akaruka na kuirushia teke. Akaikosa, akaanguka kwa makalio kwenye nyasi, na wazungu wote wakapiga makofi.

Mama alikuwa amenishika mkono. "Ona mwanamume mzima ananyimwa kofia yake mbele ya watu," akasema, na kwa sauti yake nilijua kuna kitu anajifunza.

Bwana Mguu alijaribu tena, na mara hii kofia ikapaa ikapita juu ya ua ikaangukia upande wetu. Hakuna aliyethubutu kuigusa. Barasa, mpishi wa pale, mtu wa kutoka pande za Kakamega ambaye alilichukulia jiko lile kama wizara, akaja kuichukua akiwa na sinia mkono wa pili. Nikamvuta aproni.

"Hiyo kitu inalia hivyo ni nini?"

Barasa alitazama nyuma yake. Aliona nyasi, kodiani, Memsabu juu ya kiti, na mwajiri wake amelala chali akicheka. Nadhani alifikiri nauliza habari ya vurugu yote ile. "Hiyo?" akasema. "Hiyo sasa ndiyo Norwe, mtoto. Norwe yenyewe."

Basi nikajua. Kile kitu cha nyuzi kinaitwa norwe.

Na mara nikajua jambo la pili, nalo lilinijaza furaha hadi nikakimbia nikimtafuta Baba kwenye banda la ng'ombe. Sisi pia tulikuwa na norwe nyumbani.

Yetu ilikuwa wandindi. Wengi wenu mmeisahau, na vijana hawajapata kuiona: kigoma kidogo cha mti kilichowambwa ngozi, kijiti kimepenyezwa katikati, na uzi mmoja tu wa singa za mkia wa ng'ombe, unaopigwa kwa uta. Babu yangu aliichonga, na Baba alipoondoka kwao Kiambu kuja huku mashambani aliibeba mgongoni akaacha blanketi. Ilikuwa kitu pekee cha baba yake alichokuwa nacho. Lakini mimi sikuwahi kusikia jina wandindi likitamkwa ndani ya nyumba yetu, kwa sababu Mama alikuwa amelipiga marufuku.

Sitaki mmwone Mama vibaya. Alikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa na harufu. Palipokuwa na pombe, Baba aliitwa aje kupiga. Alipopiga, watu walizidi kunywa, na walipozidi kunywa walimjazia kibuyu ili asichoke. Alirudi nyumbani akiwa ameshikwa mabega na watu wawili, wandindi imeshikwa na wa tatu. Siku moja alikamua fahali. Si mzaha, alikaa kwenye kigoda na ndoo akamsihi fahali, na kama fahali yule hangekuwa na roho nzuri nisingekuwa na baba. Mama alilia siku hiyo. Aliokoka mwezi huohuo, na alipookoka alisema hataki kuiona wandindi, hataki kuisikia, wala jina lake lisitajwe mbele yake.

Kwa hivyo Baba aliificha chini ya kitanda nyuma ya gunia la viazi, na kuitaja aliitaja kwa macho tu, mpaka siku ile nilipomkimbilia.

"Baba! Bwana Mguu ana norwe! Na yako pia ni norwe, ni vile tu ni ndogo!"

Baba aliuliza norwe ni nini, nikamweleza kwa makini, na alipoelewa alianguka kutoka kwenye kigoda. Alicheka hadi ng'ombe aliyekuwa akikamuliwa akageuka kumtazama. Hakunisahihisha. Badala yake alifuta macho, akainama, akaninong'oneza. Mimi nina jina la mama yake mzazi, kama ilivyo desturi yetu, na hivyo aliniita mama tangu nikiwa nabebwa mgongoni. "Mama," akaniambia, "umenisaidia sana."

Kuanzia hapo, Mama akiwa amekaa palepale anamenya viazi, Baba alikuwa akijinyoosha na kusema kwa sauti ya mtu asiye na neno, "Mama, nenda uniletee norwe." Nami nilikimbia. Tulipeleka norwe kwenye banda la ng'ombe, tukairudisha tukiwa tumeifunga kwa shuka. Nilidhani Mama hajui. Alimenya viazi vyake, ganda likitoka refu bila kukatika, wala hakuinua macho.

Baba alikuwa na maoni yake kuhusu norwe ya mzungu. "Nyuzi zote zile!" alikuwa akisema. "Yule hata akikatikiwa na saba bado yuko kazini. Mimi nikikatikiwa na mmoja nimestaafu." Lakini alisikiliza. Alasiri alisimama karibu na nyumba kubwa akijifanya anatengeneza ua, na baada ya muda nikamsikia akiupiga ule wimbo wa kofia kwa uzi wake mmoja, akiwapigia ng'ombe, na mguu wake nao: du, du, du. Ng'ombe waliupenda. Siku moja Bwana Mguu alikuwa akipita nje ya banda na buti zake. Akasimama. Baba hakumwona, aliendelea. Mimi nilimwona, na niliona mguu wake ukianza wenyewe kwenye matope kabla uso wake haujaamua kama atakasirika.

"Wewe!" akasema. Baba akasimama wima, uta nyuma ya mgongo. "Tena," akasema Bwana Mguu. "Piga tena."

Alisikiliza mpaka mwisho, akaenda zake. Kesho yake Barasa alileta kitu kimefungwa kwenye karatasi: kipande cha utomvu uliogandishwa, rangi ya asali, cha kusugulia uta. Kilinuka msitu baada ya mvua, na kuanzia hapo wandindi yetu ilinuka hivyo, na shuka letu, na mikono ya Baba, na gunia la viazi, na kwa kiasi fulani viazi vyenyewe. Mama alikula viazi vile hivyohivyo.

Basi tungeendelea hivyo maisha yetu yote kama Sista hangekuja. Alikuwa dada yake Memsabu, mmishonari, mwanamke mwembamba mwenye viatu vikubwa, aliyekuwa amejifunza Kiswahili chake Tanganyika kutoka kwenye kitabu. Alikisema vizuri mno kiasi kwamba hatukumwelewa. Akikutana nawe njiani alikuuliza umeamkaje, watu wa nyumbani hawajambo, mifugo haijambo, na kabla hujamaliza kujibu jua limepanda. Ilitangazwa kwamba Jumapili atahubiri kwenye kanisa letu la wafanyakazi, ambalo lilikuwa ghala la zamani la pareto lenye sakafu ya mbao.

Mzee Zakaria, aliyetuongoza pale kanisani, alitaka Sista akute watu walionyooka. Alitangaza kwamba Jumapili hiyo baada ya ibada vitu vyote vya maisha ya zamani vitachomwa nyuma ya kanisa: vibuyu vya pombe, vikopo vya ugoro, shanga za ngoma, njuga. Jumamosi mchana atapita nyumba kwa nyumba na gunia kuvikusanya. Na akasema wazi, mbele ya watu, kwamba kuna mama mmoja hapa anasimama kila Jumapili kushuhudia wokovu ilhali chini ya kitanda chake kuna wandindi.

Mama alitoka kanisani siku hiyo uso umekauka. Nyumbani alimkabili Baba.

"Umesikia nilivyotajwa?"

"Hakukutaja jina."

"Kuna mama mwingine mwenye wandindi?" Hilo jina, kutoka mdomoni mwake. "Mimi sitaki kuaibishwa mbele ya yule mzungu. Jumamosi Zakaria akija, utampa."

"Ni ya baba yangu."

"Najua ni ya baba yako. Na fahali ni wa nani?"

Baba alichukua ndoo yake. Alitoka akaenda kukaa na ng'ombe, na kwa siku zilizofuata hakuniambia nimletee chochote. Hakupiga, hakucheka, alikamua tu. Mimi sikuelewa lote, lakini nilielewa kwamba Zakaria atachukua norwe na kuichoma.

Jumamosi Zakaria akafika na gunia lake likigongana ndani. Baba alikuwa amesimama mlangoni mikono nyuma. Mama alikuwa anamenya viazi. Zakaria hakuuliza, aliingia, akapiga magoti kando ya kitanda, akasukuma gunia la viazi, akatoka na shuka. Alipolifungua harufu ya utomvu ilimjia usoni, akapiga chafya. Akanusa tena. Ile harufu aliijua, ilikuwa harufu ya veranda ya Bwana Mguu, ambako alikuwa amekwenda mara nyingi kuomba ruhusa ya mikutano.

Akanitazama mimi. Zakaria aliamini sana kwamba watoto hawasemi uongo, jambo lililoonyesha kwamba yeye mwenyewe hakuwa na mtoto.

"Njoo hapa, mtoto wa Mungu. Usiogope. Hiki ni nini?"

"Ni norwe," nikasema.

"Ati?"

"Norwe. Bwana Mguu ako na kubwa."

Zakaria alipepesa macho. Alitazama wandindi, akatazama upande wa nyumba kubwa, kisha akamgeukia Mama polepole. "Mama, mimi nilidhani hii ni wandindi. Mtoto anasema ni ya Norwe. Ni kitu ya hawa wazungu? Wewe umeokoka, niambie ukweli."

Mama alikuwa ameshika kiazi, na ganda lilikuwa linaning'inia refu, refu sana. Likakatika.

"Mtoto amesema," akasema Mama.

Akachukua kiazi kingine.

Zakaria alikuwa kwenye shida. Kuchoma wandindi ilikuwa kazi ya Mungu, lakini kuchoma mali ya Wanorwe mbele ya Sista Mnorwe ilikuwa njia ya kulipoteza ghala la pareto. Akaamua kutoitia kwenye gunia. Ataiweka mezani kanisani, juu ya kitambaa cheupe, na kesho Sista mwenyewe ataeleza ni nini. Akaondoka nayo akiwa ameibeba kwa mikono miwili.

Nilifurahi. Nilidhani mambo yamekwisha. Nikawatazama wazazi wangu nikaona wamekaa kama watu wanaosubiri mvua ya mawe. "Sasa," Baba akasema mwishowe, "wataichoma na wakuite mwongo juu yake." Mama akasema, "Kula."

Jumapili ghala lilijaa. Bwana Mguu, ambaye kanisani alionekana kwa nadra kama kupatwa kwa jua, alikuja kwa sababu ya shemeji yake, akakaa benchi ya nyuma na Memsabu, kofia juu ya goti. Kuni zilikuwa zimepangwa nje. Mbele, juu ya kitambaa cheupe, ililala norwe ya Baba kama maiti ya mtu mdogo. Mama aliketi benchi ya mbele, mgongo umenyooka, akanishika mkono kwa nguvu hadi vidole vikafa ganzi.

Zakaria akaeleza jambo lote kwa mzunguko. Akasema kimepatikana kitu. Wengine wanasema ni cha shetani, wengine wanasema ni cha Norwe. Watu wakacheka kidogo bila kujua ni kwa nini. Sista akasogea, akakiinua. Akakigeuza. Akagusa uzi kwa kidole, mmoja, akatafuta wa pili kwa macho asiuone. Akanusa. Kisha akaweka mkono mdomoni, na machozi yakamtoka mbele yetu sote, mazito kama ya mtu mweusi.

"Sista," Zakaria akauliza kwa hofu, "ni dhambi kubwa hivyo?"

"La, ndugu yangu mpendwa," akasema kwa kile Kiswahili chake cha kitabu. "Nyanya yangu alikuwa nacho kinanda cha uzi mmoja namna hii. Yeye alitufundishia tenzi." Akafuta pua. "Huko kwetu, wahubiri walizichoma fidla. Walisema fidla huwapeleka vijana kwenye ngoma na ulevi. Wakazichoma zote bondeni kwetu." Zakaria akaanza kutikisa kichwa kwa furaha. "Baadaye kanisa likakosa sauti ya kuongoza nyimbo. Kwa hiyo wakatengeneza kinanda chenye uzi mmoja tu, ili kisiweze kamwe kuchezewa ngoma." Akaikumbatia wandindi kifuani. "Uzi mmoja ni wa Mungu. Ni nani anayejua kukipiga?"

Hakuna aliyegeuka kumtazama Baba, maana kila mtu alikuwa tayari anamtazama. Alikwenda mbele akitembea kama anayekwenda kwa hakimu. Akakaa, akaiegemeza tumboni, akashika uta. Na hapo nikaona uso wake umebadilika, nikaelewa shida yake hata mimi mtoto. Baba alikuwa na nyimbo za aina mbili tu: nyimbo za pombe, ambazo kila mtu ndani ya ghala alikuwa amelewa nazo, na ule mmoja wa Bwana Mguu. Akachagua usiokuwa na pombe.

Alianza pole, kwa heshima. Lakini wimbo ule hauendi pole, haujui. Mara mguu ukaanza, du, du, du, na sakafu ilikuwa ya mbao, kwa hivyo kanisa lote likaanza kuitikia. Mabega ya akina mama yakasogea. Mwanamume mmoja akajisahau akachuchumaa. Nikageuka nyuma. Bwana Mguu alikuwa mwekundu hadi masikioni, mguu wake unaenda wenyewe, na Memsabu alikuwa anaitazama kofia iliyo gotini mwa mumewe. Aliinyakua, akaikalia.

Baba alimaliza, akashusha uta. Zakaria akasimama, jasho likimtiririka. "Sista," akasema. "Wimbo huu ni wa Mungu?"

Sista alimtazama shemeji yake. Akamtazama Baba. Halafu akamtazama Mama kwa muda mrefu kuliko wote, na Mama akamtazama yeye, na hadi leo nasema wanawake wale wawili walielewana bila kitabu.

"Ni wimbo wa kwetu," akasema Sista. "Nimeujua tangu utotoni."

"Amina!" akasema Zakaria.

Moto uliwashwa, vibuyu vikaungua, njuga zikawa nyeusi, na wandindi ikarudi nyumbani mchana kweupe begani mwa Baba. Kabla ya mwezi kwisha Zakaria alikuwa ameutilia wimbo ule maneno ya wokovu, na makanisa ya huku juu yaliuimba miaka na miaka. Nimewaona maaskofu wakiingia kwa wimbo wa kupiga kofia teke. Na kwa kuwa sasa Baba alikuwa mpigaji wa kanisa, ilimbidi aende mazoezi ya kwaya kila Jumamosi alasiri, saa ileile ya pombe, na Mama akaketi mlangoni mwa ghala kushona mpaka yamalizike. Baba alilalamika kwamba ameokolewa kwa nguvu. Fahali walikuwa salama kuanzia hapo.

Mimi niliendelea kuamini kwamba norwe ni chombo mpaka siku ambayo mwalimu alitundika ramani darasani, akagonga kwa fimbo juu kabisa, akasema, "Hii ni Norwe." Nikainua mkono nikamwambia hapana, norwe iko kwetu, ya baba yangu, ya uzi mmoja. Darasa lilicheka wiki nzima. Nilipofika nyumbani nikilia, Baba aliniambia kwamba ramani imekosea.

Baba alituacha zamani. Mama aliishi miaka mingi baada yake, na mwishoni aliishi hapa Bahati kwenye chumba changu cha nyuma, wandindi ikiwa nyuma ya kabati. Ndipo nilipomuuliza.

"Mama, ile siku ya Zakaria. Ulidanganya?"

"Mimi?" Aliudhika kweli. "Mimi nilisema mtoto amesema. Hukusema?"

"Nilisema."

"Basi."

Nikafikiri imeishia hapo. Kumbe alasiri moja, nguvu zikiwa zimemwisha, nimekaa naye namenya viazi vya jioni, alifungua macho akanitazama muda mrefu. Maisha yake yote aliniita kwa jina. Baba peke yake ndiye aliyeniita vinginevyo.

"Mama," akasema, polepole, kwa sauti ya mtu asiye na neno, "nenda uniletee norwe."

Niliacha kisu kikaanguka. Nikaitoa nyuma ya kabati, nikaifuta vumbi, nikamlazia kifuani. Hakujua kupiga, hakuwa amewahi kuigusa. Aliinusa tu, pale kwenye uzi, ambapo utomvu wa Bwana Mguu ulikuwa bado unanuka msitu baada ya miaka yote ile, na akafumba macho. Nilidhani amelala. Kisha chini ya blanketi, upande wa miguuni, nikaona kitu kinaanza kugonga, kidogo kidogo, bila haraka.

Du, du, du.